Kugombea Ubunge wa Jimbo au wa Taifa Nchini Marekani kwa Tiketi ya Chama Kidogo

Mgombea wa chama cha Democratic au Republican nchini Marekani akishashinda mchujo wa chama chake, jina lake huingia kwenye karatasi ya kura bila yeye kulihangaikia tena. Mgombea wa chama kidogo, pamoja na mgombea binafsi, hana uhakika huo, na mara nyingi kazi yake ngumu kuliko zote huwa imekwisha, kwa heri au kwa shari, miezi kadhaa kabla wapiga kura hawajasikia jina lake. Wengi huanza na kaulimbiu, nembo na picha nzuri, kisha hugundua mwezi Juni kwamba tarehe ya kuwasilisha sahihi ilipita mwezi uliotangulia. Kwa hiyo mwongozo huu unaanza na makaratasi.

Jambo la kwanza kulielewa ni kwamba hakuna sheria moja ya nchi nzima inayoeleza jinsi jina linavyoingia kwenye karatasi ya kura. Kila jimbo kati ya majimbo 50 limejitungia sheria zake, na tofauti kati ya jimbo na jimbo ni kubwa kiasi cha kushangaza. Katika jimbo la Tennessee, mgombea binafsi wa Kongresi (bunge la taifa, lenye Baraza la Wawakilishi na Seneti) au wa bunge la jimbo anahitaji sahihi 25 tu. Ukivuka mpaka na kuingia Georgia, anayetaka kiti kilekile cha Baraza la Wawakilishi la taifa bila tiketi ya chama kikubwa anatakiwa kuleta sahihi za asilimia 5 ya wapiga kura walioandikishwa katika wilaya yake ya uchaguzi, yaani zaidi ya 20,000, na juu yake alipe ada. Kanuni hiyo ya asilimia 5 ilianza mwaka 1943, na tangu wakati huo hakuna mgombea wa chama kidogo wa Baraza la Wawakilishi aliyeweza kuitimiza. Ilipopingwa, Mahakama ya Juu ya Marekani iliiacha isimame mwaka 1971, katika kesi ya Jenness dhidi ya Fortson. Kwa hiyo kabla hujajifunga kibwebwe, tafuta mwongozo wa wagombea unaotolewa na Katibu wa Jimbo au bodi ya uchaguzi ya jimbo lako, uusome wote, kisha uisome na sheria yenyewe, kwa sababu mwongozo ni muhtasari na mahakama haihukumu kwa muhtasari.

Kiti gani?

Masharti ya kugombea Kongresi yamo ndani ya Katiba na ni mafupi. Baraza la Wawakilishi linataka mtu mwenye umri wa miaka 25, aliyekuwa raia kwa miaka 7, na anayeishi katika jimbo analogombea siku anapochaguliwa. Seneti inataka miaka 30 na uraia wa miaka 9. Raia wa kuandikishwa anastahili sawasawa na mzaliwa, kwani sharti la kuwa raia wa kuzaliwa linamhusu Rais na Makamu wake peke yao. Tena, tangu kesi ya mwaka 1995 kati ya U.S. Term Limits na Thornton, jimbo haliruhusiwi kuongeza sifa nyingine juu ya hizo. Katika mabunge ya majimbo hali ni tofauti: umri na muda wa kuishi hutegemea katiba ya jimbo, na majimbo mengi hutaka mgombea awe ameishi ndani ya wilaya yake ya uchaguzi kwa muda maalumu kabla ya uchaguzi. Aliyehama nyumba mwaka jana na ahesabu siku zake vizuri.

Kuhusu ukubwa wa kazi, tazama tarakimu. Baraza la Wawakilishi la taifa lina viti 435, na kila kiti kinawakilisha watu wapatao 760,000. Baraza la chini la California lina viti 80, kila kimoja kikiwa na watu karibu nusu milioni. New Hampshire, ambayo ni jimbo dogo, ina wawakilishi 400 katika baraza lake la chini, yaani mwakilishi mmoja kwa watu wapatao 3,400, na mshahara wake ni dola 100 kwa mwaka. Mtu mwenye viatu imara anaweza kupiga hodi kwenye kila mlango wa wilaya kama hiyo, na pengine akarudi mara ya pili. Katika wilaya ya Kongresi jambo hilo haliwezekani, na pengo kati ya miguu yako na idadi ya milango huzibwa kwa fedha ambazo chama kidogo hakina.

Kwa maoni yangu, anayegombea kwa mara ya kwanza aanze na kiti cha bunge la jimbo, na ndani ya bunge la jimbo atafute wilaya ambayo chama kimoja kikubwa hakijasimamisha mtu. Wilaya za namna hiyo si chache. Kiti chenye washindani wawili tu humwondolea mgombea lawama ya kugawa kura, yaani kuchukua kura za chama kikubwa kimoja na kukipa ushindi kingine, na wapiga kura wa chama kisichokuwa na mtu hawana pengine pa kwenda. Historia inaelekea upande huo. Marshall Burt wa chama cha Libertarian alishinda kiti cha baraza la chini la Wyoming mwaka 2020, katika jimbo ambalo Republican wanatawala bila wasiwasi. Richard Carroll wa chama cha Green alishinda Arkansas mwaka 2008, ingawa baadaye alihamia Democratic. Chama cha Progressive cha Vermont, kilichofanikiwa kuliko vyote vya aina yake kwa muda mrefu, kilijengwa kutoka siasa za mji wa Burlington kwenda juu.

Hata Bernie Sanders, anayetajwa kila mara kama mfano wa mtu aliyefika Washington bila chama kikubwa, hakuanzia Washington. Katika miaka ya 1970 aligombea useneta na ugavana mara kadhaa kwa tiketi ya chama kidogo cha Liberty Union na kuambulia kura chache sana. Mwaka 1981 aligombea umeya wa Burlington na kushinda kwa kura 10. Mwaka 1988 aligombea Baraza la Wawakilishi la taifa akashika nafasi ya pili. Mwaka 1990 akamwangusha yule aliyemshinda. Mwaka 2006 akachaguliwa kuingia Seneti. Zile kura 10 zinafaa kukumbukwa na anayedharau chaguzi ndogo.

Usijaribu kugombea kiti cha jimbo na cha taifa katika uchaguzi mmoja. Majimbo mengi yanakataza jina moja kuonekana mara mbili, na hata pasipokatazwa wapiga kura hukuona kama mtu asiyejua anachokitaka. Aliye mtumishi wa serikali ya shirikisho, wakiwemo wafanyakazi wa posta, anazuiwa na sheria iitwayo Hatch Act kugombea katika uchaguzi wa vyama, hata kama ni kiti cha jimbo.

Jina la chama au jina lako peke yako

Kuwa na jina la chama kando ya jina lako kwenye karatasi ya kura ni faida, lakini katika majimbo mengine faida hiyo ni ghali mno. Tennessee, iliyo rahisi kwa mgombea binafsi, hudai chama kikusanye sahihi zinazolingana na asilimia 2.5 ya kura zote za ugavana zilizopita ili kitambuliwe, na ndiyo sababu wanachama wa vyama vidogo huko husimama kama wagombea binafsi. Kwa upande mwingine, ikiwa chama chako tayari kinatambuliwa, huenda usihitaji sahihi hata moja: kitakuteua katika mkutano wake mkuu, utajaza fomu, utalipa ada ikiwa ipo. Texas ni mfano mzuri wa utaratibu huo wa mikutano. Kabla ya kuamua, piga simu kwa uongozi wa chama wa jimbo na uulize mambo mawili: hadhi ya chama inadumu hadi lini, na mkutano wa uteuzi ni tarehe gani.

Ada nayo si ya kupuuzwa. Florida humtoza mgombea wa chama asilimia 6 ya mshahara wa mwaka wa kiti anachokitaka, na mgombea asiye na chama asilimia 4. Kwa mshahara wa Kongresi wa dola 174,000, hizo ni dola 10,440 na 6,960. Asiye na uwezo ana haki ya njia mbadala, kwa kawaida ya sahihi, kwa kuwa Mahakama ya Juu iliamua mwaka 1974, katika kesi ya Lubin dhidi ya Panish, kwamba mtu hawezi kufungiwa mlango kwa umaskini peke yake.

New York na Connecticut zina utaratibu wa pekee unaoruhusu vyama viwili kumteua mgombea yuleyule na kura zake zikajumlishwa. Chama cha Working Families, kilichoanzishwa New York mwaka 1998, kimeishi kwa njia hiyo. Majimbo mengi yamekataza jambo hilo, na mwaka 1997 Mahakama ya Juu ilisema yana haki ya kulikataza. Kama unaishi New York, fikiria kwa makini kama unataka kushinda au unataka kushawishi, kwa sababu njia hizo mbili zinapanga kampeni tofauti kabisa.

Sahihi

Hapa ndipo wagombea wengi wa vyama vidogo wanapofia, na mara nyingi hawafi kwa kukosa watu wa kutia sahihi. Hufa kwa sahihi walizonazo kukataliwa.

Chukua karatasi moja ya sahihi uitazame kwa karibu. Kila mstari una nafasi ya jina kwa herufi kubwa, sahihi, anwani, tarehe, na pengine kata au tarehe ya kuzaliwa. Sasa mfikirie mwenye nyumba anayetia sahihi, halafu kwa ukarimu wake anamtilia na mke wake aliye jikoni: mstari wa pili umekufa, na mwandiko unaofanana unaweza kuutia shaka na wa kwanza. Jirani yake anaandika anwani mpya aliyohamia mwezi uliopita, ilhali daftari la wapiga kura bado lina anwani ya zamani. Wa tatu anaweka alama za kurudia badala ya kuandika jina la mji. Wa nne si mkazi wa wilaya yako. Mpaka unapita katikati ya barabara na yeye yuko upande wa pili. Wa tano alishamtilia sahihi mgombea mwingine wa kiti hichohicho, na jimbo linahesabu ya kwanza tu. Umepata sahihi tano, na huenda zilizo halali ni moja au hakuna. Chini ya ukurasa kuna tamko la mkusanyaji mwenyewe, ambalo katika majimbo mengine huapiwa mbele ya notari; likikosewa tarehe, ukurasa mzima unaweza kwenda na maji.

Kwa hiyo kusanya zaidi ya unazohitaji, angalau kwa nusu tena. Ukihitaji 1,000, lenga 1,500. Piga hesabu ya nguvu kazi mapema: tuseme mtu mmoja anapata sahihi 10 kwa saa, basi 1,500 ni saa 150, na watu sita wanaojitolea wenye saa tano kila mwisho wa wiki watamaliza kwa wiki tano, mradi mvua isinyeshe na mtu asiugue. Nunua nakala ya daftari la wapiga kura kutoka ofisi ya uchaguzi na ukague sahihi kila jioni, usingoje mwisho. Ukiona mkusanyaji mmoja nusu ya mistari yake ni mibovu, mfundishe upya siku ileile. Kwenda nyumba kwa nyumba ukiwa na orodha ya walioandikishwa ni polepole kuliko kusimama sokoni au kwenye tamasha, lakini sahihi zake hudumu.

Texas ina mtego unaohitaji maelezo yake. Mgombea binafsi wa kiti cha wilaya anahitaji sahihi zisizozidi 500, jambo linaloonekana dogo. Lakini ni lazima awe ametoa tamko la nia mwezi Desemba, hawezi kukusanya hadi mchujo wa Machi upite, na mtu aliyepiga kura katika mchujo wa chama chochote hawezi kumtilia sahihi. Mkusanyaji anayejua kazi yake huko haanzi kwa kueleza sera. Huuliza, “Ulipiga kura kwenye mchujo wa Machi?” Akijibiwa ndiyo, hushukuru na kwenda mlango wa pili.

Tarajia pingamizi. Mwaka 2004 huko Pennsylvania, Ralph Nader, aliyekuwa akigombea urais, aliwasilisha sahihi zaidi ya 51,000. Wapinzani wakaweka pingamizi, zaidi ya 30,000 zikatupwa, jina lake likaondolewa na akatozwa gharama za kesi zilizozidi dola 80,000. Mwaka 2015 mahakama ya wilaya ya shirikisho iliamua kwamba tishio la gharama za namna hiyo dhidi ya vyama vidogo lilikiuka Katiba, lakini pingamizi zenyewe zinaendelea. Piga picha au tengeneza nakala ya kila ukurasa kabla ya kuuwasilisha, omba risiti yenye saa na tarehe, na uwe umeshazungumza na wakili wa masuala ya uchaguzi kabla hujamhitaji.

Kuhusu tarehe, neno moja la tahadhari. Karibu majimbo yote humzuia aliyeshindwa katika mchujo wa chama kikubwa kurudi kwenye uchaguzi mkuu wa Novemba kwa mlango mwingine, na mengine hudai uwe umejitoa katika chama cha zamani muda mrefu kabla. Joe Lieberman alishindwa mchujo wa Democratic wa Connecticut mwaka 2006 na bado akashinda useneta Novemba, lakini Connecticut ni miongoni mwa majimbo machache yasiyo na katazo hilo, na timu yake ilikuwa tayari na sahihi 7,500 zilizohitajika ili kuziwasilisha siku iliyofuata.

Fedha

Ukigombea Kongresi, sheria inakuhesabu kuwa mgombea pindi utakapokuwa umechangiwa au umetumia zaidi ya dola 5,000. Kuanzia hapo una siku 15 za kuwasilisha fomu namba 2 kwa tume ya uchaguzi ya shirikisho, FEC, na kamati yako ina siku 10 nyingine za kuwasilisha fomu namba 1. Kamati lazima iwe na mhazini. Bila mhazini hairuhusiwi kupokea wala kutumia hata senti. Mchague mtu mwangalifu, hata kama hapendi siasa, kuliko rafiki mchangamfu anayesahau risiti kwenye gari.

Kiwango cha juu cha mchango wa mtu mmoja kwa mzunguko wa 2025 na 2026 ni dola 3,500 kwa kila uchaguzi, na mgombea asiyepitia mchujo bado anaruhusiwa kupokea kiwango cha mchujo na kile cha uchaguzi mkuu. Fedha taslimu zinazozidi dola 100 kutoka kwa mtu mmoja hurudishwa. Makampuni hayaruhusiwi kuchangia. Asiye raia haruhusiwi pia, isipokuwa mwenye ukaazi wa kudumu. Mjomba aliye nje ya nchi ashukuriwe kwa dua zake tu. Fedha zako mwenyewe hazina kikomo tangu uamuzi wa Buckley dhidi ya Valeo wa mwaka 1976, jambo ambalo halimsaidii sana asiye nazo.

Kwa kiti cha jimbo sheria ni za jimbo. Virginia haina kikomo cha michango. Maine ina mfuko wa umma: mgombea wa baraza la chini akichangiwa dola 5 na wapiga kura 60 wa wilaya yake, anaweza kufadhiliwa na mfuko huo.

Uwe mwangalifu na fedha zinazokuja bila kuitwa. Huko Florida mwaka 2020, kiti kimoja cha Seneti ya jimbo kiliamuliwa kwa kura 32, huku mgombea asiye na chama, mwenye jina la ukoo sawa na la seneta aliyekuwa akitetea kiti, akipata zaidi ya 6,000. Baadaye alikiri mahakamani makosa yaliyohusu kulipwa ili agombee. Anayekupa fedha nyingi bila kuuliza sera zako anajali kura za mtu mwingine.

Kampeni yenyewe

Swali la kugawa kura utaulizwa kila siku, na jibu lako lazima litegemee mfumo wa jimbo lako. Maine hutumia mfumo wa kuwapanga wagombea kwa mfuatano katika chaguzi za Kongresi: mpiga kura hutaja chaguo lake la kwanza, la pili na kuendelea, na kura za walioshika mkia huhamia kwa chaguo linalofuata. Mwaka 2018, katika wilaya ya pili, Bruce Poliquin wa Republican aliongoza hesabu ya kwanza kwa asilimia 46.3 dhidi ya 45.6 za Jared Golden wa Democratic. Kura za wagombea binafsi wawili zilipohamishwa kwa chaguo la pili, Golden akashinda. Katika mfumo huo unaweza kumwambia mpiga kura akuweke wa kwanza bila hofu. Alaska hupeleka wanne wa kwanza kwenye uchaguzi mkuu. California, tangu wapiga kura walipopitisha Pendekezo la 14 mwaka 2010, hupeleka wawili tu bila kujali chama, na mgombea wa chama kidogo huko aelewe kwamba uchaguzi wake ni mchujo wa mapema; kampeni aliyoipangia Novemba huenda isimfae kitu. Mahali penye mfumo wa kawaida wa anayeongoza ndiye mshindi, usikane kwamba kura zinaweza kugawanyika. Mweleze mpiga kura kwa nini katika wilaya hii, dhidi ya watu hawa, inafaa akupigie wewe.

Mgombea wa chama kidogo hana uhakika wa kualikwa kwenye midahalo. Mwaka 1998, katika kesi iliyotokana na mbio za Kongresi huko Arkansas, Mahakama ya Juu iliamua kwamba televisheni ya umma inaweza kumwacha nje mgombea binafsi asiye na uungwaji mkono wa kutosha, mradi haifanyi hivyo kwa sababu ya maoni yake. Waandikie waandaaji mapema, uombe vigezo vyao kwa maandishi, kisha uvitimize ukiweza. Matangazo ya redio ni afadhali: mgombea wa Kongresi aliye halali kisheria ana haki ya kununua muda, na katika siku 60 za mwisho kabla ya uchaguzi mkuu kituo lazima kimtoze bei yake ya chini kabisa.

Katika majimbo kama Alabama na Kentucky, mpiga kura anaweza kuweka alama moja na kukichagua chama kizima. Kama uko huko, kila mlango unaobisha unahitaji sentensi ya ziada inayoeleza jinsi ya kuyatafuta majina mojamoja, ikiwezekana ukiwa na mfano wa karatasi ya kura mkononi na kidole juu ya mstari wako.

Baada ya kuhesabu

Angalia asilimia uliyopata hata kama umeshindwa, kwani katika majimbo mengi ndiyo inayoamua kama chama chako kitahitaji sahihi tena. New York, kwa mfano, tangu mwaka 2020 hutaka kura 130,000 au asilimia 2, ikitegemea ipi ni kubwa, katika uchaguzi wa urais au ugavana, na vyama vya Green na Libertarian vilipoteza hadhi yao huko mwaka huohuo. Kamati ya fedha nayo haifi yenyewe usiku wa matokeo. Mhazini ataendelea kuwasilisha taarifa hadi madeni yaishe na FEC ikubali taarifa ya kufunga kamati, na akichelewa faini huja kwa jina la kamati yako na lake. Nakala za karatasi za sahihi ziwekwe mahali pakavu, pamoja na orodha ya milango iliyokubali na tarehe ya kila ziara, kwa sababu kiti cha Baraza la Wawakilishi la taifa hurudi baada ya miaka 2 na vingi vya mabaraza ya chini ya majimbo vivyo hivyo, na dirisha la kukusanya sahihi linaweza kufunguka mapema zaidi ya hapo.